Njia panda isiyogonganisha: jinsi kanuni ya kupishana inavyothibitishwa

Msafiri anayetoka Malindi kwenda Mombasa hupita njia panda nyingi kabla ya kufika Mtwapa. Kuna ile ya Gede ambako magari huingia na kutoka Watamu, kuna makutano ya Kilifi mjini, kuna ya Vipingo, na kati yake kuna vijia vya mashambani ambavyo bodaboda huchomoka bila taarifa. Kila mahali hapo pana kanuni: nani apite, nani angoje. Ajali ikitokea, lawama huenda kwa dereva aliyevunja kanuni, na mara nyingi ni haki. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni kama kanuni yenyewe ilikuwa nzima. Zipo kanuni za barabarani ambazo watu wote wakizitii, bila mmoja kukosea, magari bado yatagongana uso kwa uso.

Somo hili linahusu namna ya kuligundua jambo hilo mapema, mezani, kabla ya mtu kuumia. Kazi hiyo huitwa uthibitisho wa kimantiki. Ilianzia kwenye kompyuta na reli, na sasa inatumika kwa magari yanayojiendesha yenyewe, yaani magari yasiyo na dereva, ambayo tayari hubeba abiria katika miji kama San Francisco na Phoenix nchini Marekani. Barabara za Kilifi hazina magari hayo. Lakini hoja inayotumika kuyapima ni ileile inayofaa kupima jambo ambalo kila mkazi wa kaunti amewahi kulingojea juani: kibao cha Simama na Nenda mahali barabara inapochimbwa.

Vibao viwili na simu moja

Chukulia kwamba upande mmoja wa barabara umechimbwa kwa urefu wa mita 600 na magari yanapita upande mmoja tu. Kila mwisho wa kipande hicho amesimama kijana mwenye kibao chenye Simama upande huu na Nenda upande huu. Aliye mwisho wa kusini aitwe Kusini, na mwenzake aitwe Kaskazini. Hawaonani kwa sababu barabara ina kona na vumbi ni jingi. Wana simu.

Mambo mawili yanatakiwa. La kwanza ni usalama: wakati wowote ule, ndani ya kipande kusiwe na gari linalotoka kusini pamoja na gari linalotoka kaskazini. La pili ni usogevu: kila anayengoja apite hatimaye. Ni lazima yatajwe yote mawili, kwa maana la kwanza peke yake ni rahisi mno. Vibao vyote viwili vikikaa Simama kutwa nzima, usalama umekamilika na hakuna aliyefika kazini.

Kanuni ya kwanza ambayo mtu angeiwaza ni hii: Kusini anageuza kibao chake kuwa Simama, anampigia simu Kaskazini kumwambia "nimefunga", na Kaskazini akisikia hivyo anageuza chake kuwa Nenda. Inaonekana sawa. Ili kuipima, mthibitishaji haanzi kwa kuuliza kama inaonekana sawa. Anaandika hali zote ambazo mahali hapo panaweza kuwa nazo. Vibao viwili vina mikao 4. Kipande kina hali 4: kitupu, kina magari ya kusini, kina magari ya kaskazini, au kina ya pande zote mbili. Ujumbe wa simu una hali 3: hakuna ujumbe njiani, kuna unaokwenda kaskazini, au kuna unaokwenda kusini. Zidisha 4 kwa 4 kwa 3, jumla ni hali 48. Kati ya hizo, 12 ni za hatari, zile ambamo magari ya pande zote mbili yako ndani.

Sasa swali linakuwa la kawaida kabisa: ukianza kwenye hali ya mwanzo na kufuata kila hatua inayoruhusiwa na kanuni, je, kuna njia yoyote inayokufikisha kwenye mojawapo ya zile 12? Mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kuijibu. Mwanzoni Kusini ameonyesha Nenda, Kaskazini Simama, kipande kitupu. Hatua ya kwanza, gari linaingia kutoka kusini. Ya pili, Kusini anageuza kibao na kupiga simu. Ya tatu, Kaskazini anapokea na kufungua. Ya nne, gari linaingia kutoka kaskazini. Gari la kwanza bado halijatoka. Hatua 4 tu na hakuna aliyevunja kanuni.

Watu husema jawabu ni kungoja kidogo. Gari likienda kilomita 30 kwa saa litamaliza mita 600 kwa sekunde 72, basi Kaskazini angoje dakika 2 ndipo afungue. Lakini lori lililojaa mawe likienda kilomita 15 kwa saa linahitaji sekunde 144. Dakika 2 ni sekunde 120. Kanuni ya saa hufanya kazi siku zote isipokuwa siku ambayo lori hilo limepita, na siku hiyo ndiyo inayohesabika.

Gari la mwisho ni lipi?

Kanuni ya tatu ni bora, nayo ndiyo hutumika mara nyingi. Kusini anataja gari la mwisho aliloruhusu: "la mwisho ni Probox nyeupe". Kaskazini hafungui mpaka aione imepita. Aliyewahi kuendesha gari Kenya ameshaona tatizo. Msururu mmoja unaweza kuwa na Probox nyeupe tatu, na Kaskazini akifungua baada ya ile ya kwanza, nyingine mbili ziko ndani.

Ndipo wenye reli walipowatangulia wenye barabara. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilipita Mazeras na Mariakani kwa njia moja. Kwenye njia moja ya reli treni haina pa kukwepea, na treni yenye mwendo husimama baada ya mamia ya mita. Kwa hiyo reli za njia moja duniani zilibuni njia nyingi za kupeana ruhusa, na mojawapo iliyo rahisi kueleweka ni kijiti. Kipande kimoja cha njia kina kijiti kimoja tu. Dereva asiyekuwa nacho mkononi haingii. Kama mbio za kupokezana vijiti shuleni, isipokuwa hapa anayeangusha kijiti halipi kwa kushindwa mbio tu.

Wazee wa Kilifi walikuwa na kijiti chao bila kukiita hivyo. Kabla ya Daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka hori kwa feri. Chombo kikiwa Mnarani, aliye upande wa mjini hawezi kuingia majini na gari lake, hata awe na haraka ya namna gani. Chombo chenyewe ndicho ruhusa.

Peleka wazo hilo barabarani. Mkandarasi anatoa kijiti kimoja, chekundu, kinachoonekana vizuri. Mwenye kibao hawezi kuonyesha Nenda bila kijiti mkononi. Akitaka kufunga, anampa kijiti dereva wa gari la mwisho, naye anakikabidhi upande wa pili. Hapa mthibitishaji hahitaji tena kuhesabu hali moja moja, jambo ambalo ni jema kwa kuwa idadi ya magari haina kikomo. Anatafuta sentensi moja ambayo ni kweli mwanzoni, na ambayo hakuna hatua ya kanuni inayoweza kuifanya uongo. Sentensi ya kijiti ni hii: kama ndani kuna gari la kusini, basi kijiti kiko mkononi mwa Kusini, au kiko ndani ya gari la kusini lililo nyuma ya mengine yote. Na kwa upande wa kaskazini ni vivyo hivyo.

Ijaribu. Gari likiingia kutoka kusini, kijiti kiko kwa Kusini, sentensi ni kweli. Kusini akimpa dereva wa mwisho, gari hilo liko nyuma ya yote, sentensi ni kweli. Gari hilo likitoka upande wa pili, waliokuwa mbele yake wameshatoka, kipande ni kitupu, sentensi ni kweli. Kwa kuwa kijiti ni kimoja na hakiwezi kuwa mahali pawili, magari ya pande mbili hayawezi kuwa ndani pamoja. Huo ni uthibitisho kamili, wa magari 10 au 10,000, na umechukua aya moja.

Bodaboda anaingia kwenye hesabu

Uthibitisho huo una neno moja lililojificha ndani yake. Umesema gari la mwisho likitoka, "waliokuwa mbele yake wameshatoka". Kwa nini? Kwa sababu njia ni nyembamba na hakuna anayeweza kumpita mwenzake. Kwa treni ni kweli daima. Kwa barabara ya Kilifi, wa mwisho anaweza kuwa bodaboda. Anapewa kijiti, anaingia, anafika nyuma ya lori la mawe linalojikokota, anaona upenyo wa nusu mita kando ya shimo, anapita. Anafika kaskazini wa kwanza na kijiti mkononi. Kaskazini anakipokea, anageuza kibao. Lori liko katikati.

Hii ndiyo faida kubwa ya kazi hii, na ni vizuri kukaa nayo kidogo. Uthibitisho hausemi tu "ni salama". Unamlazimisha anayeuandika kutaja kila jambo analolitegemea, na mambo hayo yakishaandikwa, mtu yeyote anayeijua barabara anaweza kuyakagua. Mhandisi aliyekaa Nairobi huenda asiwaze bodaboda anayepita kando ya shimo. Mkazi wa Matsangoni atamwaza kabla hajamaliza kusoma.

Basi jaribu kanuni nyingine: kuhesabu. Kusini anahesabu walioingia, Kaskazini anahesabu waliotoka. Kusini akifunga anapiga simu: "wameingia 6". Kaskazini hafungui mpaka amehesabu 6. Nani alimpita nani si hoja tena. Reli nyingi za kisasa hufanya kitu cha aina hii, kwa vifaa vinavyohesabu ekseli za mabehewa yanapoingia kwenye kipande na yanapotoka. Hesabu zisipolingana, kipande huhesabiwa kuwa kina treni.

Lakini kijijini kuna kijia kinachotokea katikati ya zile mita 600. Magari 6 yameingia. Bodaboda mmoja anachomoka kijiani na kuelekea kaskazini. Wanatoka magari 5 na bodaboda. Kaskazini amehesabu 6 na anafungua, na gari la sita limepata pancha katikati ya njia. Kinyume chake hakina madhara hayo: mmoja wa wale 6 akikunja kuingia kijiani kwenda nyumbani, Kaskazini atahesabu 5 na kungoja wa sita ambaye hatafika. Watu watakasirika na honi zitalia, ila hakuna atakayekufa. Kanuni hiyohiyo ina kosa la kuchelewesha upande mmoja na kosa la kuua upande mwingine, na mthibitishaji hutaka kujua ni lipi liko wapi.

Dawa haiko kwenye hesabu bali barabarani: mtu wa tatu mwenye kibao asimame kwenye kijia, na kijiti apewe gari la mkandarasi linalofuata msururu, lenye amri ya kutompita mtu yeyote, hata aliyesimama. Gharama ni mshahara wa mtu mmoja na mafuta ya gari moja.

Kompyuta ikichukua kibao

Magari yanayojiendesha hayahitaji kijana wa kibao, yanaweza kuzungumza yenyewe kwa mawimbi ya redio. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Kurt Dresner na Peter Stone, walipendekeza njia panda isiyo na taa. Eneo la makutano hugawanywa kuwa vigae vidogo, kama sakafu. Gari linalokaribia linatuma ombi kwa kompyuta ya njia panda: nitafika saa hii, kwa mwendo huu, nakwenda upande ule. Kompyuta inapitia vigae vyote ambavyo gari litavikanyaga na muda wa kila kimoja. Kama hakuna kigae kilichokwisha kuwekwa kwa mwingine wakati huo, gari linapewa nafasi. Kama kipo, linakataliwa na kulazimika kupunguza mwendo na kuomba tena. Katika majaribio yao ya kompyuta, magari yalicheleweshwa kidogo sana kuliko kwenye taa za kawaida, kwa sababu hakuna anayesimama kwenye taa nyekundu huku upande wa pili hakuna mtu.

Daftari la vigae ni rahisi kulithibitisha. Sentensi isiyovunjika ni kwamba hakuna kigae chenye wenyewe wawili kwa wakati mmoja, na inakaguliwa kila nafasi inapotolewa. Ugumu uko kwingine. Ujumbe ukipotea hewani itakuwaje? Hapa kanuni iliyotengenezwa vizuri ina jibu moja: kimya maana yake ni hapana. Gari lisilopata jibu hujihesabu limekataliwa. Ni kinyume cha mazoea ya watu wengi, ambao wakipiga simu mara mbili bila kupokelewa husema "basi hakuna neno, twende".

Na gari lililokataliwa lazima liweze kusimama. Hapo hesabu hutoka kwenye vibao na kuingia kwenye breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mtu huchukua kama sekunde 1.5 kuona na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limekwenda mita 21. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 16 nyingine. Jumla ni mita 37. Kwa kilomita 80 kwa saa, hesabu hiyohiyo inatoa mita 33 na 41, jumla mita 74, na mvua ya Mei ikipunguza mshiko wa matairi kwa nusu, jumla inafika mita 115. Kompyuta inaweza kuamua kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hivyo zile mita 21 za mwanzo zinakuwa mita 1.4. Zile 16 za breki zinabaki 16, kwa kuwa lami haijali aliyeketi kwenye usukani.

Kwa hiyo sentensi isiyovunjika ya gari lenyewe ni hii: umbali uliobaki mpaka mstari wa kusimama usiwe kamwe mdogo kuliko umbali wa kuamua ukijumlishwa na umbali wa breki, mpaka nafasi itolewe. Sarah Loos na André Platzer wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha uthibitisho wa aina hii kuhusu makutano mwaka 2011, wakiunganisha maamuzi ya kompyuta na mwendo halisi wa gari katika hoja moja. Kazi kama hiyo haifanywi kwa kalamu peke yake. Kuna programu zinazokagua kila mstari wa hoja, na zingine zinazopitia hali zote kama zile 48, isipokuwa zenyewe hupitia mamilioni. Waanzilishi watatu wa mbinu hiyo ya pili, Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis, walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2007, ambayo kwa wanasayansi wa kompyuta ni kama Nobel.

Uchukuzi wa umma umekwisha kuitegemea. Njia namba 14 ya treni za chini ya ardhi mjini Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998, haina dereva, na programu zake za usalama zilithibitishwa kihisabati kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Hapa nyumbani jirani wa karibu wa jambo hili ni SGR. Reli hiyo inapita Kaunti ya Kilifi na ina stesheni Mariakani. Treni za abiria zilianza mwaka 2017, na sehemu kubwa ya njia kati ya Mombasa na Nairobi ni reli moja, kwa hiyo treni ya kwenda na ya kurudi hupishana kwenye stesheni. Kinachozifanya zisikutane njiani ni mfumo wa kufungamanisha ishara na njia: ishara ya kuruhusu treni haiwezi kuwaka mpaka kipande kiwe kitupu na reli za kupishania ziwe zimekaa na kufungwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya chuma iliyozuiana yenyewe kwa yenyewe. Leo ni kompyuta. Abiria anayesinzia kati ya Mariakani na Miasenyi analindwa na sentensi isiyovunjika.

Mahali uthibitisho unapoishia

Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, Tanzania, treni ya abiria ilishindwa breki mlimani, ikarudi nyuma na kugonga treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia hiyohiyo. Watu 281 walikufa. Kanuni yoyote ya kupishana treni inadhani kwamba treni iliyosimama itabaki imesimama. Dhana hiyo ikianguka, hakuna kijiti wala ishara itakayosaidia. Uthibitisho ni mkataba: kama haya ni kweli, basi yale hayatatokea. Nusu ya kwanza ya mkataba hutunzwa kwa spana, kwa ukaguzi wa magari na kwa mshahara wa fundi.

Njia panda ya vigae nayo ina dhana zake. Inadhani kila anayeingia anazungumza lugha ya kompyuta. Mbuzi wa Gede hawazungumzi, wala tuktuk, wala mtoto anayevuka kwenda kununua mafuta ya taa. Dresner na Stone walilijua hilo, na mwaka 2007 walieleza kanuni iliyochanganywa, ambamo taa hubaki kwa ajili ya madereva watu na magari yanayojiendesha huomba nafasi zilizobaki. Faida ya kasi hupungua kadiri watu wanavyokuwa wengi. Kwa mji kama Malindi, maana yake ni kwamba mashine ya bei ghali huenda isilete tofauti kubwa kuliko mzunguko uliojengwa vizuri.

Hilo la mzunguko si maoni tu. Wahandisi huhesabu sehemu ambazo njia za magari hukatana, huungana au huachana. Makutano ya kawaida ya barabara mbili zenye njia moja kila upande yana sehemu 32 za namna hiyo. Makutano ya herufi T, kama ya barabara inayoingia Watamu, yana 9. Mzunguko wa njia moja wenye barabara nne una 8, na hakuna hata moja ambapo gari linamkata mwenzake ubavuni. Kabla ya kuithibitisha kanuni ngumu, inafaa kuuliza kama mahali penyewe panaweza kurahisishwa.

Nani aulizwe

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara za kaunti, trafiki na maegesho ni kazi ya serikali ya kaunti, na barabara kuu za kitaifa ni kazi ya serikali ya kitaifa. Barabara ya Mombasa hadi Malindi iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Ujenzi unapoletwa kwenye mkutano wa ushirikishwaji wa umma, mpango wa kuongoza magari wakati wa kazi ni sehemu ya mambo ambayo mkazi ana haki ya kuyauliza, iwe mradi ni wa kaunti au wa taifa.

Maswali yanayofaa hayahitaji elimu ya kompyuta. Mwenye kibao anajuaje kwamba kipande ni kitupu, anaona, anaambiwa, au anakadiria kwa saa? Vijia vinavyotokea katikati viko vingapi, na nani anasimama hapo? Usiku vibao vinaonekana kwa nini? Mvua ikinyesha, kasi iliyoandikwa kwenye alama inabadilishwa? Gari likikwama katikati, nani anaambiwa kwanza? Mkazi anayeijua barabara anaweza kutaja kijia ambacho hakipo kwenye ramani ya mkandarasi, na hilo peke yake ni mchango unaotosha kubadilisha mpango.

Na lipo swali la mwisho ambalo mkandarasi anapaswa kulijibu bila kufikiri: chaji ya simu ikiisha upande mmoja, upande wa pili unafanya nini? Jibu linalotakiwa ni kwamba vibao vyote viwili hukaa Simama, na mmoja wa wale vijana anatembea kwa miguu zile mita 600 mpaka amfikie mwenzake.